Nani anaisemesha filamu bubu?

Wenzangu wanaopenda sinema wana mazoea ya kuuliziana swali moja juu ya filamu ya zamani: umeiona? Kwa filamu bubu swali hilo halitoshi. Inafaa kuuliza umeona nakala ipi, ilikuwa inakwenda kwa kasi gani, na nani alikuwa anapiga muziki. Watu wawili wanaweza kukaa wakabishana usiku kucha juu ya filamu yenye jina moja na mwaka mmoja, kumbe kila mmoja ameona kitu chake.

Nitoe mfano ulio karibu. Kwenye flashi inayozunguka katika promosheni yetu kuna nakala tatu za Nosferatu, filamu ya Mjerumani F. W. Murnau ya mwaka 1922. Ya kwanza ni nyeusi na nyeupe, na mtu fulani ameibandikia kinanda cha kanisa kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kujali ni harusi au ni kifo. Ya pili ina ngoma za kielektroniki. Ya tatu ina rangi, na muziki wake ni wa orkestra (orkestra ya violini na tarumbeta, si ya rumba). Waliotazama ile ya kinanda walicheka. Waliotazama ya tatu hawakucheka sana. Halafu tukasikia hukumu kwamba filamu bubu ni vichekesho vya wazee, na waliotoa hukumu hiyo walikuwa wametazama kazi ya mtu asiyejulikana aliyechukua rekodi moja ya kinanda akaiburuza juu ya picha za Murnau.

Sisi tunaosoma lugha za Kiafrika tuna njia nzuri ya kulielewa jambo hili. Chukua Kilingala. Katika maandishi ya kila siku neno moto linaandikwa kwa herufi zile zile likiwa na maana ya mtu, ya kichwa, au ya moto unaounguza. Kinachotenganisha maana hizo katika mazungumzo ni toni, lakini katika gazeti au katika ujumbe wa simu toni haiandikwi. Msomaji anaiweka mwenyewe kichwani kwa kutazama maneno ya jirani. Ciluba nacho kina toni, na anayekisoma bila alama anafanya kazi hiyo hiyo. Kiswahili kilikwisha kupoteza toni zake za zamani, kwa hiyo anayejua Kiswahili tu huenda asihisi uzito wa mfano huu. Awaulize walio jirani naye.

Picha za filamu bubu ni maandishi yasiyo na alama za toni. Uso unaonekana, mkono unainuka, mlango unafunguka, lakini jinsi ya kulitamka jambo hilo haijaandikwa. Anayeleta muziki ndiye anayeweka alama. Ndani ya Nosferatu kuna mahali ambapo Ellen ameketi ufukweni, katikati ya misalaba iliyosimikwa mchangani, akitazama bahari. Anasubiri. Mume wake Hutter, hata hivyo, anarudi kwa njia ya nchi kavu, akipanda farasi. Anayekuja kwa meli ni yule mwingine, Orlok, mnyonya damu. Je, Ellen anamsubiri nani? Murnau ameliacha wazi, na nadhani ubora wote wa filamu umekaa katika ule uwazi. Ukiweka hapo violini tamu, umejibu: anamsubiri mumewe, maskini. Ukiweka sauti nzito za chini, umejibu pia: anavutwa na kifo. Mtazamaji wa nyumbani hajui kwamba amejibiwa. Anadhani ameona.

Hans Erdmann ndiye aliyeitungia filamu hiyo muziki mwaka 1922, na sehemu kubwa ya nota zake zilipotea. Wanaoipiga leo wanaijenga upya kutokana na mabaki yaliyochapishwa. Kwa hiyo hata nakala inayojisifu kuwa na muziki wa asili ina mkono wa mtu wa siku zetu ndani yake. Sioni ubaya wowote hapo, mradi aseme.

Ukarabati wa picha zenyewe una mambo mazito zaidi. Kamera za wakati ule hazikuweza kupiga picha gizani, kwa hiyo matukio ya usiku yalipigwa mchana kweupe, kisha nakala ikachovywa katika rangi ya buluu ili kila mtu ajue kwamba ni usiku. Taa za ndani zilikuwa na rangi ya manjano, na alfajiri waridi. Rangi hizo zilikuwa sehemu ya sarufi, na watazamaji walizisoma bila kufundishwa. Halafu nakala zikanakiliwa upya kwa miaka mingi katika nyeusi na nyeupe, kwa sababu ni rahisi, na buluu ikapotea. Katika nakala ile ya kwanza kwenye flashi yetu, Orlok anatembea mjini na jeneza lake kwapani huku jua likiwaka na vivuli vikionekana ukutani, wakati hadithi nzima inategemea kwamba mwanga wa jua unamwua. Hapo ndipo wenzangu walipocheka zaidi, na walikuwa na haki: waliletewa sentensi iliyong'olewa kitenzi. Mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani iliamuru nakala zote za filamu hii ziharibiwe, baada ya mjane wa Bram Stoker kushtaki kwamba riwaya ya mumewe imeibwa. Filamu ikasalia kwa sababu nakala zilikuwa zimekwisha kutawanyika nchi za nje. Ukarabati mkubwa uliorudisha rangi, wa mwaka 2006, ulitegemea nakala ya zamani yenye vibao vya maandishi ya Kifaransa iliyohifadhiwa Paris. Filamu ya Kijerumani iliyoamriwa kuchomwa imerudishiwa usiku wake na nakala ya tafsiri. Wenye kusoma hati za kale watatambua mara moja aina hii ya bahati.

Hati za kale ndizo ninazoziwaza kila ninapofungua Metropolis ya Fritz Lang. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Berlin mwezi wa kwanza wa mwaka 1927, ikiwa na urefu wa saa mbili na nusu hivi. Muda mfupi baadaye ikakatwa kwa ajili ya soko la Marekani, na moja ya sababu ni ya kiisimu kabisa: kuna mwanamke marehemu katika hadithi anayeitwa Hel, na wakataji wakaona kwamba kwa masikio ya Kiingereza jina hilo linafanana mno na neno la jehanamu. Wakamwondoa. Lakini Hel ndiye sababu ya kila kitu! Mvumbuzi Rotwang alimpenda, Hel akaolewa na tajiri Fredersen, akafa alipomzaa Freder, na Rotwang akaunda mtu wa chuma kwa ajili ya uchungu huo. Ukimtoa Hel, Rotwang anabaki mwendawazimu wa kawaida anayeunda mashine bila sababu. Kwa miaka mingi watazamaji duniani kote walimlaumu Lang kwa hadithi isiyoshikamana, kumbe kilichowakwaza wakataji ni silabi moja.

Filamu ilirudishwaje? Kwa sehemu kubwa, kupitia muziki. Nota za Gottfried Huppertz, aliyeitungia Metropolis muziki wake wa kwanza, zilibaki salama, na ndani yake kuna maelezo zaidi ya elfu moja ya kinachoonekana kwenye picha, ili mwongozaji wa orkestra asipotee. Wakarabati walipotaka kujua tukio lipi lilitangulia lipi, walisoma nota. Mwaka 2008 ikajulikana kwamba jumba la makumbusho ya sinema la Buenos Aires lina nakala iliyo karibu kamili, ya milimita 16, iliyochakaa sana, na nota za Huppertz zikasaidia tena kupanga vipande vile mahali pake. Toleo la 2010 limejengwa hivyo.

Vipande vya Buenos Aires vinaonekana wazi ukivitazama: vina mikwaruzo kama mvua, na upande mmoja picha imekatika. Wako wanaolalamika kwamba uchafu ule unaharibu starehe. Mimi naupenda. Mhariri mwaminifu wa matini huweka alama pale ambapo hati imeliwa na mchwa. Haandiki neno lake mwenyewe kimya kimya. Mikwaruzo ile inaniambia kwamba hapa tunasoma kutoka nakala nyingine, iliyopita mikono mingine. Ninachokiogopa ni usafi wa kompyuta unaopitiliza, unaolainisha nyuso hadi zikawa kama za plastiki. Huo unafanana na mhariri anayesahihisha lahaja ya msimulizi ili iwe Kiswahili sanifu, kisha anaandika juu ya kitabu kwamba ni masimulizi ya kijijini.

Halafu kuna toleo la Giorgio Moroder la 1984, lenye nyimbo za pop, Freddie Mercury akiwemo, na lililofupishwa hadi dakika 80 na kitu. Wasomi wanalidharau. Mimi silidharau kwa sababu lina jina la mwenyewe juu yake. Anayelitazama anajua ameingia nyumba ya Moroder. Yule wa kinanda kwenye flashi yetu hana jina, na ndiye anayetazamwa zaidi, kwa sababu faili lake ni jepesi. Hapa suala ni la mega tu. Nakala nzuri ya filamu iliyokarabatiwa inaweza kula giga nyingi, na mwanafunzi wa Lubumbashi anayenunua mega kwa siku hatachagua nzito wakati nyepesi ipo na jina ni lile lile. Kwa hiyo sura ya sinema ya zamani vichwani mwetu inaamuliwa na uzito wa faili, na sijaona mtu akiliandika hilo popote.

Sasa nije kwa filamu ninayoipenda kuliko zote. La Passion de Jeanne d'Arc ya Mdenmark Carl Theodor Dreyer ilitoka mwaka 1928. Negativu yake iliungua. Dreyer akatengeneza toleo la pili kwa picha zilizobaki bila kutumika, nalo likapatwa na moto. Zikabaki nakala mbovu mbovu, hadi mwaka 1981 ilipopatikana nakala ya toleo la kwanza katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Oslo, ikiwa na vibao vya Kidenmark. Filamu ya kesi iliyoendeshwa kwa Kifaransa, yenye maneno yaliyotolewa katika kumbukumbu za mahakama, imetufikia kupitia tafsiri.

Wanaoitoa leo kwa ajili ya kutazamwa nyumbani wanalazimika kuchagua kasi. Kwa picha 24 kwa sekunde inamalizika katika dakika 81. Kwa picha 20 inachukua dakika 97. Tofauti ni dakika 16, na dakika hizo zote ziko usoni mwa Renée Falconetti. Kwa kasi ya 24 machozi yanaanguka upesi na mahakimu wanaonekana kama watu wenye haraka ya kwenda kula. Kwa 20 kope zinafunguka polepole, na unamwona akifikiri kabla ya kujibu. Ninashikilia 20. Wako wanaoshikilia 24 kwa hoja zinazoheshimika, na toleo moja la DVD la Marekani limetoa kasi zote mbili ili mtu ajichagulie. Hivyo ndivyo inavyopaswa.

Dreyer hakuacha muziki mmoja aliousimamia kuwa ndio wenyewe. Mwaka 1951 Lo Duca, aliyekuwa Ufaransa, aliitoa filamu akiwa ameipachika muziki wa akina Bach na Vivaldi, na Dreyer hakufurahi. Mmarekani Richard Einhorn alitunga Voices of Light mwaka 1994, kwa kwaya na orkestra, na watu wengi wameijua filamu kupitia kazi hiyo. Ni muziki mzuri mno. Naupiga nikifua nguo. Lakini una maneno, maandishi ya wanawake watawa wa zama za kati yanayoimbwa, na filamu hii imekwisha jaa maneno tayari: kila kosa la Jeanne ni neno, kila mtego wa mahakimu ni swali. Kuziweka matini mbili juu ya uso mmoja ni kuulazimisha uso huo ukae kimya mara ya pili. Naitazama bila muziki kabisa.

Nyumbani kwetu, hata hivyo, ukimya ni maneno ya kitabuni. Ukitazama Jeanne d'Arc jioni huko Katuba, utaitazama pamoja na jenereta, mkesha wa maombi wenye vipaza sauti, na baa ya kona. Umeme usipokatwa na delestaji, umepata bahati. Niliwahi kuona kuni zikiwashwa chini ya miguu ya Jeanne huku baa ikicheza ndombolo, na nakiri kwamba kwa sekunde kadhaa ilikuwa ya kutisha kuliko muziki wowote uliotungwa kwa makusudi, kwa sababu mji uliomwua Jeanne nao ulikuwa na watu waliokuja kama kwenye maonyesho. Si pendekezo. Nasema tu kwamba aliye nyumbani ana muziki hata akizima sauti.

Na pia ana watu. Bibi yangu hasomi Kifaransa, na vibao vya maandishi vinampita. Nikitazama naye, yeye anapata picha na muziki tu. Muziki ndio unaomwambia nani mbaya na nani mwema. Kwa mtu kama yeye, kinanda kile kisicho na mwenyewe ni mfasiri pekee aliyepewa, tena mfasiri mwongo. Ndiyo maana ninapokaa naye napunguza sauti na kusimulia mwenyewe. Kuna wanaosema huo ni ushamba. Japani ya filamu bubu ilikuwa na wasimulizi wa kazi, benshi, waliosimama kando ya pazia wakisema maneno ya kila mhusika, na watu walilipa kumsikiliza benshi fulani kuliko kumwona mwigizaji fulani. Kaka yake Akira Kurosawa alikuwa mmoja wao. Hapa kwetu, enzi za ukoloni, wamisionari na serikali walipoonyesha filamu uwanjani, kulikuwa na msemaji aliyeeleza kwa lugha ya mahali. Na baadaye kabisa, kwa filamu zenye sauti, Dar es Salaam imekuwa na Lufufu, Nairobi ina DJ Afro, Kampala ina VJ Jingo. Mtazamaji wetu hajawahi kuwa mpokeaji wa kimya. Alitaka mtu aseme, na alijua anayesema ni nani.

Jambo hili linaniuma zaidi kwa filamu zilizopigwa hapa. Mwaka 1927 Mbelgiji Ernest Genval alitoa Le Congo qui s'éveille, baada ya kuzunguka nchi hii na kamera akipiga picha za makampuni na kazi zao. Ni filamu bubu. Wanaoonekana katika picha za namna hiyo, wakibeba, wakichimba, wakijipanga mstari, ni babu za watu. Hawakuachiwa sauti. Sasa mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuzipakia tarumbeta za furaha, na maendeleo yakawa yanacheza mbele yako. Au akazipakia violini za huzuni, na kila mwanamume aliyeshika nyundo akawa mhanga tu, hata yule ambaye labda alikuwa anamtania mwenzake nyuma ya kamera. Sipendi yote mawili. Zinyamazishwe, kisha zitazamwe pamoja na wazee wa Kamalondo na wa Kenya wanaoweza kutaja kifaa kile kinaitwaje, wimbo gani uliimbwa kwa mwendo ule wa mikono, na mahali pale leo pana nini. Maneno yao ndiyo yarekodiwe. Idara yetu ina vinasa sauti na wanafunzi wanaotafuta mada ya kazi ya mwisho wa masomo.

Kwa sasa ninaloliomba ni dogo. Anayeweka filamu bubu kwenye flashi ya promosheni aandike katika jina la faili mwaka wa ukarabati, kasi kama anaijua, na jina la aliyepiga muziki. Kama halijulikani, aandike kwamba halijulikani. Na tutengeneze vibao vya Kiswahili. Watatu kati yetu tumekwisha anza na Nosferatu, na tumekwama kwenye neno lenyewe. Mnyonya damu linaeleweka lakini ni kama maelezo ya kamusi. Mumiani ni la pwani, na bibi hakulijua. Mwenzetu mmoja kutoka Likasi anataka mutumbula, neno ambalo Katanga nzima ililiogopa wakati wa ukoloni: mtekaji wa usiku anayefanya kazi kwa ajili ya wazungu. Mimi nilipinga, kwa kuwa mutumbula anateka watu, hanyonyi shingo. Bibi aliposikia neno hilo aliacha kuchambua maharage, akamtazama Orlok akishuka melini na jeneza lake, akauliza alitumwa na kampuni gani.